Je, Tufagie Ua Ambao Huenda Tukauacha Kesho?

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, baridi kali ikiisha na theluji ikiyeyuka, watu hutoka nje wakazitazama nyumba zao upya. Hukuta majani yameoza uani, mifereji ya paa imeziba, rangi imebanduka ukutani. Ndipo mwenye nyumba hushika ufagio na reki, na kazi hiyo huwa kama sherehe ya kuaga baridi. Sisi wa milima ya Lubero hatuna theluji. Luofu iko karibu sana na ikweta, upande wa magharibi wa Ziwa Edouard. Lakini kwa kuwa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, twaijua baridi na ukungu wa asubuhi. Tena twaijua mvua. Mvua kubwa hutunyeshea tangu mwezi wa Septemba mpaka Desemba, na tena tangu Machi mpaka Mei. Ikipungua, katika Januari na Februari, au katika Juni na Julai, ndipo nasi twatoka nje na kuona jinsi nyumba zetu zilivyopata taabu.

Twaona nini? Chini ya ukuta, maji yaliyoruka kutoka kwenye mchirizi wa paa yamekula udongo mpaka fito zaonekana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Katika nyumba ya mbao, ubao wa chini umeota kuvu. Mfereji upitao nyuma ya jiko umejaa tope, na maji yamejitafutia njia nyingine katikati ya ua. Njia ya kwenda chooni imekuwa kichaka. Maganda ya maharagwe, majivu, matambara, chupa na mifuko ya plastiki vimechanganyika na matope. Hapo kazi yajulikana: kufyeka, kufagia, kuzibua, kukandika upya. Wahenga walitupa mithali kwa majira kama hayo: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini yuko mtu asiyeshika jembe. Ameketi barazani, autazama ufa, asema: "Nikandike ukuta huu kwa ajili ya nani? Mwezi ujao huenda tukakimbia tena." Tusimcheke mtu huyo, wala tusifanye haraka kumwita mvivu. Anayo sababu.

Mwaka 2009, katika mwezi wa Aprili, waasi wa FDLR waliishambulia Luofu usiku na kuichoma. Nyumba zaidi ya 200 ziliteketea, na kati ya waliokufa walikuwamo watoto wadogo. Mwaka 2024, mwishoni mwa mwezi wa Juni, mji jirani wa Kanyabayonga ulitekwa na waasi wa M23, kisha na Kirumba. Watu kwa maelfu wakashika njia ya kaskazini kwenda Lubero na Butembo, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na mbio nyingine nyingi ambazo kila jamaa hukumbuka hesabu yake. Mtu aliyeyaona hayo anapouliza faida ya kufagia, hafanyi mzaha. Auliza swali kubwa: Je, mtu awajibika kukitunza kitu ambacho hana hakika ya kukaa nacho?

Swali hilo lataka jibu la haki. Tuyapime kwanza majibu ambayo watu hupenda kuyatoa.

Jibu la kwanza ni afya. Ni jibu zuri. Maji yakisimama katika kopo au katika shimo la uani, mbu hutaga humo. Na yai huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku kumi hivi, au majuma mawili. Vumbi kavu na uchafu wa sakafu ya udongo ni makao ya funza. Wadudu hawa si wenyeji wa nchi yetu. Walifika Angola mwaka 1872, kwa meli iliyotoka Brazil. Wakaenea na misafara kutoka kambi hata kambi, na kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamekwisha kulivuka bara lote mpaka pwani ya mashariki. Funza ni mdogo kuliko punje ya ulezi, wala hana mabawa. Lakini amevuka Afrika nzima kwa kukaa katika vumbi ambalo watu hawakulijali.

Basi mtu wetu akisema, "Huenda tukakimbia mwezi ujao," na tumjibu kwamba mbu na funza hawamngojei mwezi ujao. Wanamla mtoto wake leo. Tena akikimbia, atakimbia kwa miguu. Na mguu ulioliwa na funza haukimbii.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi swali. Maana mtu aweza kusema: "Vema, nitafagia pale nilalapo na pale watoto wachezapo; lakini njia, mfereji, ua wa mbele, ukuta wa nje, hayo nayaacha." Afya yake mwenyewe haimlazimishi kufanya zaidi.

Jibu la pili ni sifa. Wasema: "Fagia, watu wasije wakakucheka." Jibu hili ni dhaifu. Mithali yatuonya kwamba nyumba njema si mlango. Twawajua watu ambao mbele ya nyumba yao hapana hata jani moja, na nyuma yake pana jaa linalonuka. Tena sifa yahitaji watazamaji. Siku ya mashaka, watu wakiwa na hofu zao, hakuna anayetazama ua wa mwenziwe. Na yule aliyefagia kwa ajili ya macho ya watu hutupa ufagio mara moja.

Jibu la tatu ni amri. Sisi wa Kongo twaijua amri hiyo kwa jina lake: salongo. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Mobutu, kazi ya pamoja ya kusafisha na kulima ilifanywa kuwa lazima kwa raia wote. Jina limebaki mpaka leo, na hata vijijini watu huitana salongo kwa ajili ya kufyeka njia au kuzibua mfereji. Majirani zetu wa Rwanda wana umuganda Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi. Huko Tanzania, tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli aliziondoa sherehe za siku ya uhuru, akaamuru siku hiyo iwe ya usafi, maana kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini. Naye mwenyewe alionekana akiokota takataka karibu na Ikulu.

Hatuidharau kazi ya pamoja. Iko mifereji ambayo mtu mmoja hawezi kuizibua. Lakini wazee waliofagia kwa kuogopa faini waijua siri ya amri: ufagio wa hofu hufagia njia apitayo mkubwa tu. Mkubwa akiisha kupita, nyasi hurudi. Na serikali inapodhoofika, au inapobadilika usiku mmoja, amri hiyo yapotelea wapi? Ikiwa sababu yetu ya kufagia ilikuwa amri, basi siku amri inapokoma, sababu nayo imekufa.

Basi tutafute sababu isiyokufa siku ya mashaka.

Tuanze na jambo dogo la milimani. Katika kijiji cha mteremko, nyumba hukaa kama ngazi: moja juu, nyingine chini yake, na nyingine chini zaidi. Mtu wa juu afagia ua wake vizuri sana, kisha asukuma takataka zote mpaka mferejini. Ua wake wang'aa. Mvua ya kwanza yaja, na takataka zile zateremka mpaka mlangoni pa jirani wa chini, pamoja na maji ambayo mfereji ulioziba umeshindwa kuyachukua. Ukuta wa jirani walowa, waporomoka. Je, yule wa juu amesafisha? La. Amehamisha. Kuhamisha uchafu si kusafisha.

Hapa twaanza kuona kwamba ua si mali ya mwenye ua peke yake. Ukitunzwa, jirani hupata. Ukiachwa, jirani huumia. Ndiyo kusema, mtu asemaye, "Nyumba ni yangu, nikitaka nitaiacha ibomoke," asema nusu ya kweli. Ukuta ni wake. Maji yatokayo uani kwake si yake tena. Na huyo jirani wa chini yuko leo. Pengine kesho sote tutakuwa njiani; lakini mvua ya usiku huu itamkuta mlangoni pake, na watoto wake wamelala.

Tena yuko mtu mwingine ambaye ua wetu ni wake kwa namna fulani: ni yule ajaye. Vita inapolipuka upande wa kusini, watu wa Kanyabayonga na vijiji vya huko hawaendi wote kambini. Wengi hupokelewa katika nyumba za watu. Jamaa ya watu sita hulala pamoja na jamaa ya watu saba, jiko moja, choo kimoja, mfereji mmoja. Siku hiyo hakuna nafasi ya kuanza kuchimba choo wala kufyeka kichaka. Ua uliokuwa umetunzwa huwapokea watu kumi na watatu. Ua ulioachwa huwapokea pamoja na kuhara. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona, wala mgeni, ikiwa mvua imekwisha kuingiza choo kisimani.

Nasi tulio wenyeji mwaka huu twaweza kuwa wageni mwaka ujao. Wengi wetu tumelala katika madarasa ya shule, katika makanisa, katika nyumba za watu ambao hatukuwajua jina. Je, tulipoingia humo, hatukufurahi kukuta pamefagiwa? Aliyepafagia hakutujua. Hakufagia kwa ajili ya jina letu. Alifagia kwa sababu mahali pa kukaa watu panastahili kutunzwa, awe nani atakayekaa. Hilo ndilo deni tulilo nalo, na halilipwi kwa yule aliyetupokea tu, bali kwa kila mtu atakayeukanyaga ua wetu.

Kwa hiyo twamjibu ndugu yetu wa barazani hivi: Waniuliza, "Kwa ajili ya nani?" Nawe wadhani kwamba ukisema "si kwa ajili yangu" neno limekwisha. Hapo ndipo neno linapoanza. Ua si wa yule atakayekaa nao daima, maana mtu huyo hayupo, hata wakati wa amani. Baba aliyejenga hufa, mwana hurithi, mjukuu huuza. Sisi sote ni wapangaji. Vita yatuonyesha kwa ukali jambo ambalo lilikuwa kweli tangu mwanzo. Ikiwa tusifagie kwa sababu tutaondoka, basi hapana mtu duniani anayepaswa kufagia.

Katika Maandiko Matakatifu liko tendo moja lifananalo na hilo. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii Yeremia alikuwa kifungoni. Katika saa hiyo alinunua shamba la binamu yake huko Anatoti kwa shekeli 17 za fedha, na hati ya shamba ikatiwa katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Angalieni vizuri: Yeremia hakununua kwa sababu alidhani adui atashindwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitangaza kwamba mji utaanguka, nao ulianguka. Wala hatusomi mahali po pote kwamba alililima shamba lile. Mwisho walimchukua mpaka Misri. Hata hivyo tendo lake halikuwa upuzi, kwa maana lilisema: nchi hii itakaliwa na watu tena.

Basi tumaini si kukisia. Anayekisia huhesabu: "Tutabaki, au hatutabaki?" Akiona hesabu ni mbaya, huketi. Mwenye tumaini hasemi kwamba anaijua kesho. Husema tu: leo yuko mtoto uani, yuko jirani chini yangu, na baada yangu atakuja mtu, kazi hii ni yao.

Lakini tusizidishe. Wema usio na kiasi huwa ujinga. Tendo la Yeremia si amri kwamba kila mtu atoe akiba yake yote anunue mabati mapya katika mwezi ambao bunduki zasikika. Kuna kazi ambayo malipo yake hupatikana leo leo, na kuna kazi ambayo malipo yake hungoja miaka. Kuzibua mfereji, kufyeka nyasi za njia ya choo, kumwaga maji yaliyosimama, kuchimba shimo la takataka, kuziba ufa kwa udongo wa hapo hapo: hayo hayahitaji fedha, ila mikono na asubuhi moja au mbili. Hayo tusiyaahirishe kwa kisingizio cha vita. Kujenga kwa matofali ya kuchoma, au kukopa fedha ili kupamba ukuta, ni shauri jingine. Baba na mama walipime kwa akili, na akiahirisha mtu tusimlaumu.

Tena pana hatari ambayo majira mengine hayakuwa nayo. Mahali palipopiganwa, nyasi ndefu huficha vyuma vya vita. Anayerudi nyumbani baada ya mbio asiwatume watoto kufyeka kwanza. Mtu mzima atazame polepole. Akiona kitu cha chuma asichokijua, asikiguse, asikipige kwa jembe, asiwashe moto karibu nacho. Aweke alama mbali kidogo, awazuie watu, akawaarifu wakuu wa mahali. Ua mchafu wangoja. Mkono uliokatika haurudi.

Tuseme pia juu ya haki ndani ya nyumba yenyewe. Katika nyumba nyingi neno "tufagie" maana yake ni "mama na binti wafagie." Baba huketi akatoa hotuba juu ya usafi. Binti huamka kabla ya jua, hufagia, huchota maji, kisha huchelewa shuleni na kuadhibiwa. Ikiwa kazi hii ni deni la jamaa nzima kwa jirani na kwa mgeni, basi haiwezi kulipwa na mgongo mmoja. Mfereji ni jembe, na jembe mwanamume alijua. Kijana wa kiume naye ana mikono miwili. Wazee wa Kinande walikuwa na kyaghanda, mahali pa wanaume kukutana, kuonyana na kufundisha vijana. Hapo pafaa pazungumzwe, si mashamba na mahari tu, bali pia nani atazibua mfereji wa juu kabla ya Septemba.

Wala tusimpime mtu kwa ua wake. Yuko mjane mgonjwa. Yuko mzee ambaye watoto wake walikufa au walitawanyika. Yuko mtu aliyerudi juzi, naye hana hata jembe, kwa kuwa jembe liliibwa. Ukiona nyasi mlangoni pa mtu wa namna hiyo, usiulize kwa nini hafagii. Uliza kwa nini wewe hukwenda. Vijana wanne, asubuhi moja, waweza kumaliza ua wake wote. Nao watapata faida kubwa kuliko yeye, maana watakuwa wamejifunza kufagia pasipo sifa wala faini.

Sasa mvua imepungua. Namna ya kufanya yajulikana, lakini tuikumbushe kwa ufupi. Tuanze na maji: mfereji wa nyuma uchimbwe uchukue maji yote mpaka mahali pa mchanga au pa migomba, si mpaka mlangoni pa mtu. Chini ya mchirizi wa paa tupange mawe, ili matone yasirushe tope ukutani. Maganda, majani na majivu tuyatie shimoni na kuyafunika kwa udongo. Yakiisha kuoza yatakuwa mbolea ya viazi na kabichi. Plastiki na betri za tochi tusizitie humo, wala tusizichome karibu na watoto, kwa kuwa moshi wake ni sumu, tuzitenge. Nguruwe na mbuzi wafungwe mbali kidogo na pale watu walalapo, maana nao huchukua funza. Sakafu isiribwe na kunyunyizwa maji kabla ya kufagiwa. Ukuta ukandikwe sasa, udongo upate kukauka kabla ya mvua nyingine. Na mtu akimaliza kwake, ashuke hatua ishirini chini, atazame maji yake yanapokwenda.

Ndugu yetu wa barazani ataendelea kuuliza, na ana haki ya kuuliza. Hatuwezi kumwahidi kwamba atakaa. Hapana mtu wa Luofu awezaye kumwahidi mwenziwe jambo hilo. Lakini twaweza kumwonyesha ufa, na jirani aliye chini ya ufa huo, na mtoto mwenye funza, na njia ya kusini ambayo watu huijia usiku wakitafuta mahali pa kulala. Hao hawamwulizi kama atakaa. Wamngojea aone kwamba wao wapo. Akiwaona, atainuka mwenyewe kutafuta jembe. Nasi tusimwache alishike peke yake.